Sheria ya Kazi: Haki na Wajibu wa Kila Upande

Wafanyakazi wengi huanza kuulizia sheria ya kazi siku wanapoambiwa "kesho usije". Wengine huwa wamechelewa. Katika somo hili tutaangalia jinsi sheria inavyomgusa mfanyakazi, chama chake na mwajiri.

Sheria yenyewe

Tanzania Bara inatumia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, ambayo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Zanzibar ina sheria yake. Sheria hii haiangalii ukubwa wa mwajiri. Kampuni, mwenye duka, familia yenye msaidizi wa nyumbani, na hata taasisi za dini zenye shule na zahanati, wote ni waajiri. Kuiita kazi "huduma" hakumpunguzii haki mtu aliyeajiriwa kwa mshahara.

Kwa mfanyakazi

Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28, na ya uzazi si chini ya siku 84. Mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa.

Aliyefanya kazi miezi 6 au zaidi haachishwi kazi bila sababu halali na utaratibu wa haki. Akituhumiwa kosa, aelezwe kosa hilo na apewe nafasi ya kujitetea.

Tuchukue mfano wa mpishi wa shule aliyefanya kazi miaka 6 kamili, kisha akapunguzwa kwa sababu wanafunzi wamekuwa wachache. Kama analipwa kwa mwezi, anastahili notisi ya siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka, hadi miaka 10. Kwa hiyo atalipwa siku 42. Pia alipwe siku alizofanya kazi na likizo aliyoilimbikiza, na apewe hati ya utumishi.

Akiondolewa kwa mdomo tu, apeleke lalamiko katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA. Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa ndani ya siku 30. Migogoro mingine ni siku 60. Anayesubiri huruma ya mwajiri miezi mitatu anaweza kuipoteza haki yake.

Kwa chama

Wafanyakazi 20 wanaweza kuunda chama, na waajiri 4 vilevile. Chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi mahali pa kazi ndicho kinachotambuliwa kujadili mkataba wa hali bora. Mgomo unaruhusiwa, ila kwa hatua: mgogoro usuluhishwe kwanza, wanachama wapige kura, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Watoa huduma muhimu wana masharti yao. Wanaogoma kwa hasira ya siku moja huikosa kinga ya sheria.

Kwa mwajiri

Mwajiri atoe masharti ya ajira kwa maandishi na kuyatunza. Ikitokea kesi naye hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni wake. Akitaka kupunguza watu, atoe taarifa mapema na ashauriane na chama au wafanyakazi wenyewe. Akifuata utaratibu, sheria humlinda naye: anaweza kumwondoa mwizi au mtoro bila kuogopa Tume. Asiyefuata anaweza kushindwa hata kama sababu yake ilikuwa nzuri.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, kila mfanyakazi katika taasisi yetu ana barua ya ajira?
2. Msaidizi wa nyumbani kwako hufanya kazi saa ngapi kwa siku?
3. Ofisi ya Tume iliyo karibu nasi iko wapi, na nani anaijua?