Maumivu ya Mgongo: Misuli Ipi Ikazwe, Ipi Ilegezwe?

Ukifika mwalo wa Kirumba asubuhi utawaona akina mama wameinama wakianika dagaa, na vijana wakibeba magunia. Wengi wao hutujia baadaye wameshika kiuno.

Mama mmoja tulimfundisha zoezi la kurudisha mgongo nyuma. Baada ya siku tatu akarudi: "Sista, limenizidishia. Nami nikilala nyumbani, watoto watakula nini?" Tukamwomba atuonyeshe anavyofanya. Kumbe alikaza makalio, akauma meno, akabana pumzi! Alikaza misuli iliyopaswa kulegea.

Misuli hufanya kazi kwa kupokezana. Ya mgongo ikikaza, ya tumbo hulegea na kurefuka. Zote zikikaza kwa nguvu pamoja, uti wa mgongo hubanwa.

Katika yoga, mazoezi yenye asili ya India, kuna mkao wa nyoka swila: mtu hulala kifudifudi na kuinua kifua. Huko New Zealand, mwaka 1956, mtaalamu wa viungo Robin McKenzie aliona mgonjwa akipata nafuu baada ya kulala kifudifudi, kifua kikiwa kimeinuliwa. Akaeneza zoezi linalofanana na swila, ila mikono ndiyo ifanye kazi, mgongo upumzike.

Fanya hivi:

1. Lala kifudifudi mkekani dakika 2 au 3, ukipumua taratibu.

2. Weka viganja chini ya mabega. Nyoosha mikono polepole, kifua kiinuke, nyonga zibaki chini. Legeza kiuno na makalio. Toa pumzi, kisha shuka. Rudia mara 10.

3. Maumivu yakiisha, imarisha mgongo: mikono ikiwa kando ya mwili, inua kifua kidogo, hesabu hadi 5, shuka. Hapa sasa misuli ya mgongo ikaze.

4. Ukiwa kazini, simama mara kwa mara, shika kiuno, rudi nyuma kidogo mara 5. Kaza tumbo kiasi ili usirudi nyuma kwa ghafla.

Maumivu yakitoka mguuni na kurudi kiunoni, ni dalili njema, endelea. Yakizidi kushuka mguuni, acha.

Usifanye zoezi bali wahi hospitali ukiona: ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo, mguu kukosa nguvu, au homa na kukonda, kwani kifua kikuu huweza kushika uti wa mgongo. Vivyo hivyo aliyeanguka. Mama mjamzito aulize kwanza kliniki.

Yule mama tulimwambia neno moja tu: "Mama, legeza." Baada ya majuma machache alirudi mwaloni. Siku hizi huanika dagaa juu ya chanja, asiiname kutwa nzima. Nawe ukijaribu zoezi hili leo, anza kwa kulegeza.