Chama Tawala Kikichokwa, Kinaweza Kushinda Urais? Maswali na Majibu ya Marudio

Walengwa: watahiniwa wa sekondari, Kata ya Masanze, Wilaya ya Kilosa, Jimbo la Mikumi.
Mada: uchaguzi wa Rais katika mfumo wa vyama vingi.
Matumizi: funika jibu kwa karatasi, andika la kwako, kisha linganisha. Usikariri sentensi, shika hoja na tarakimu zake.

SEHEMU A: MAJIBU MAFUPI

1. Mgombea urais wa Tanzania anahitaji kura kiasi gani ili atangazwe mshindi? (alama 2)

Jibu: Anatakiwa kupata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote, kwa mujibu wa Ibara ya 41(6) ya Katiba. Si lazima avuke nusu. Sharti la kuvuka nusu lilikuwepo katika uchaguzi wa 1995, likaondolewa na Marekebisho ya 13 ya Katiba mwaka 2000. Kwa hiyo wagombea watatu wakipata asilimia 40, 35 na 25, wa kwanza anaapishwa ingawa wapiga kura 60 katika kila 100 walimtaka mtu mwingine.

2. Tofautisha kati ya chama kuchokwa na chama kushindwa. (alama 3)

Jibu: Kuchokwa ni hali ya moyo wa wananchi: wanalalamika sokoni, kijiweni na kwenye daladala. Kushindwa ni matokeo ya kura halali zilizohesabiwa. Kati ya hayo mawili kuna hatua tatu. Aliyechoka awe amejiandikisha na aende kituoni, akute mbadala kwenye karatasi ya kura, na wenzake waliochoka wamchague huyohuyo. Hatua moja ikikatika, chama kilichochokwa kinabaki Ikulu.

3. Kweli au si kweli: asilimia ya ushindi ikishuka, idadi ya kura nayo imeshuka. Toa mfano. (alama 2)

Jibu: Si kweli. Mwaka 2010 Jakaya Kikwete alishinda kwa asilimia 62.83, kura 5,276,827. Mwaka 2015 John Magufuli alishinda kwa asilimia 58.46, lakini kura zake zilikuwa 8,882,935. Asilimia ilishuka huku kura zikiongezeka kwa zaidi ya milioni 3.6.

SEHEMU B: MAJIBU YA MAELEZO

4. Soma takwimu hizi za mgombea urais wa CCM, kisha eleza kilichotokea mwaka 2010. (alama 5)

2005: kura 9,123,952 (asilimia 80.28)
2010: kura 5,276,827 (asilimia 62.83)
2015: kura 8,882,935 (asilimia 58.46)

Jibu: Kati ya 2005 na 2010 mgombea yuleyule, Kikwete, wa chama kilekile, alipoteza kura 3,847,125. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, iliyomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008, na wizi wa fedha za akaunti ya madeni ya nje (EPA) katika Benki Kuu. Lakini kura zilizopotea hazikuhamia zote upinzani. Dk. Willibrod Slaa wa Chadema alipata 2,271,941 na Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF 695,667. Daftari la wapiga kura lilikuwa na watu milioni 20.1, waliopiga kura wakawa milioni 8.6 tu.

Mwalimu anataka uone hivi: mwananchi aliyekichoka chama chake mara nyingi haendi kumpa kura mpinzani. Anabaki shambani. Na anayebaki shambani hamwondoi mtu madarakani.

Angalizo: usiseme wote ambao hawakupiga kura walikuwa na hasira. Daftari huwa na waliofariki na waliohama.

5. Chama kilichochokwa hutumia mbinu gani kujisafisha kabla ya uchaguzi? Tumia mfano wa CCM kati ya 2011 na 2015. (alama 5)

Jibu: Hubadili sura bila kubadili bendera. Aprili 2011 CCM ilitangaza "kujivua gamba", yaani kuwaondoa waliotajwa kwenye ufisadi; Rostam Aziz akaachia ubunge wa Igunga Julai mwaka huohuo. Hata hivyo mwaka 2014 sakata la akaunti ya Tegeta Escrow likarudisha lawama upya.

Julai 2015, Dodoma, jina la Lowassa lilikatwa, na mkutano mkuu ukamteua Magufuli, waziri wa ujenzi ambaye hakuwa kinara wa kundi lolote kubwa ndani ya chama. Kaulimbiu yake, "Hapa Kazi Tu", ilikuwa ahadi na pia karipio kwa serikali ya chama chake. Lowassa akahamia Chadema na kugombea kwa niaba ya Ukawa, umoja wa Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD. Mpiga kura akakuta mabadiliko yanahubiriwa pande zote mbili: upande mmoja bendera mpya na sura ya zamani, upande wa pili bendera ya zamani na sura mpya. Lowassa alipata kura 6,072,848, asilimia 39.97. Slaa, aliyejenga jina kwa kupinga ufisadi, alijiondoa Chadema, na Lipumba akaachia uenyekiti wa CUF.

Ukomo wa vipindi viwili vya urais una mchango hapa: kila miaka kumi unakilazimisha chama kuleta mtu mpya, na lawama nyingi zinaondoka na anayestaafu.

6. Linganisha uchaguzi wa Kenya wa 1992 na ule wa 2002. (alama 5)

Jibu: Mwaka 1992 Daniel arap Moi wa KANU alishinda kwa takriban asilimia 36. Kenneth Matiba alipata 26, Mwai Kibaki 19 na Jaramogi Oginga Odinga 17. Wapinzani hao watatu kwa pamoja walivuka asilimia 60, lakini kila mmoja alikuwa na chama chake. Mwaka 1997 wakagawanyika tena, Moi akashinda tena. Mwaka 2002 Moi hakuruhusiwa kugombea na upinzani ukaungana chini ya NARC: Kibaki alipata asilimia 62 na Uhuru Kenyatta wa KANU 31. Waliokichoka KANU walikuwa wengi tangu 1992. Mwaka 2002 ndipo walipokuwa na jina moja la kutia alama.

Nyongeza ya alama: Katiba ya Kenya ya 2010 inadai zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kwa sharti la nusu peke yake, asilimia 36 isingetosha.

7. Jimbo la Mikumi lilitoa funzo gani mwaka 2015? (alama 4)

Jibu: Wapiga kura walimchagua Joseph Haule wa Chadema, msanii anayejulikana kama Professor Jay, kuwa mbunge, mwaka uleule CCM iliposhinda urais. Mwaka 2020 jimbo lilirudi CCM kupitia Dennis Londo.

Nchini Tanzania mpiga kura hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Makada wa CCM huomba "mafiga matatu", yaani kura zote tatu ziende chama kimoja. Mkulima wa Masanze ana uhuru wa kuyatenganisha. Akiudhiwa na mgogoro wa ardhi, barabara mbovu au bei ya mazao, anaweza kumwadhibu mbunge na kumwacha rais. Kwa hiyo hasira ya jimbo si kipimo cha moja kwa moja cha kura ya urais.

8. Mwaka 2020 CCM ilitangazwa kupata asilimia 84 ya kura za urais, na mwaka 2025 asilimia 97.66. Je, hii inathibitisha kuwa chama kilipendwa kuliko mwaka 2015? (alama 5)

Jibu: Hapana, takwimu hizo peke yake hazithibitishi. Asilimia hupima mgawanyo wa kura kati ya walioruhusiwa kugombea. Mwaka 2020 wagombea wengi wa upinzani wa ubunge na udiwani walienguliwa, na upinzani uliyakataa matokeo. Mwaka 2025 Chadema haikuwa kwenye karatasi: ilizuiwa baada ya kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo naye alienguliwa. Uchaguzi wa Oktoba 29 uliambatana na maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti, na waangalizi wa Umoja wa Afrika na SADC walisema haukufikia viwango vyao.

Kumbuka pia Ibara ya 41(7) ya Katiba: Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuuchunguza uchaguzi wake.

9. Chama tawala huanguka lini? Toa mifano miwili nje ya Afrika Mashariki. (alama 4)

Jibu: (a) Zambia 1991: UNIP ya Kenneth Kaunda ilishindwa na MMD ya Frederick Chiluba, aliyepata takriban robo tatu ya kura. Vyama vya wafanyakazi vilishaupa upinzani mtandao na kiongozi mmoja. (b) Botswana 2024: BDP, iliyotawala tangu uhuru wa 1966, ilibaki na viti 4 vya kuchaguliwa bungeni, na Duma Boko wa UDC akawa Rais. Biashara ya almasi ilidorora na ajira zikapungua. Katika nchi zote mbili mbadala alikuwepo kwenye karatasi, na aliyeshindwa alikubali kuondoka.

SEHEMU C: INSHA

10. "Chama tawala kisichopendwa hakiwezi kushinda uchaguzi wa Rais." Jadili. (alama 15)

Mpangilio wa jibu:
Utangulizi: fafanua kuchokwa na kushindwa, kisha toa msimamo: kinaweza.
Hoja ya 1: kanuni ya kura nyingi zaidi (swali la 1).
Hoja ya 2: waliochoka kutopiga kura (2010).
Hoja ya 3: mgombea mpya kubeba chama cha zamani (2015).
Hoja ya 4: upinzani kugawanyika (Kenya 1992).
Hoja ya 5: mtandao wa mashina na mabalozi wa nyumba kumi tangu enzi za TANU, unaofika vijiji ambavyo upinzani hauna hata wakala.
Hoja ya 6: uwanja usio sawa (2025).
Upande wa pili: Zambia, Kenya 2002, Botswana.
Hitimisho: swali la "kinapendwa?" halitoshi. Uliza pia nani yumo kwenye karatasi, nani atakwenda kituoni na nani anahesabu.

Makosa yanayopoteza alama: kuandika kampeni badala ya hoja, kutaja asilimia bila mwaka, kuchanganya kura za urais na za ubunge, kusahau upande wa pili.

MASWALI YA KUJIPIMA

(i) Tanzania ikirudisha sharti la kuvuka nusu, hoja ipi kati ya sita itapungua nguvu zaidi?
(ii) Kwa nini ukomo wa vipindi viwili unaweza kukisaidia chama kilichochokwa?
(iii) Mwaka 2010 Slaa na Lipumba wangeunganisha kura zao zote, wangefikisha asilimia ngapi, na wangemshinda Kikwete? (Kura halali zilikuwa 8,398,394. Onyesha njia.)