Kukuza Duka la Jumla Bila Kumchosha Mwenye Duka

Februari 2025, soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam lilizindua biashara ya saa 24. Kwa mji hiyo ni neema, kwa kuwa mteja wa mkoani, wa Zambia au wa Kongo anaweza kufunga mzigo wake usiku na kuondoka alfajiri. Kwa mwenye duka la jumla ni mtihani, maana zamani giza lilimlazimisha kushusha mlango, na sasa uamuzi wa kufunga amebaki nao mwenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa mfanyabiashara ambaye mauzo yake yanapanda huku afya yake ikishuka. Msingi wake ni kwamba duka limekua kweli pale linapoweza kuuza siku nzima bila wewe.

1. Tambua dalili mapema

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliutaja uchovu uliokithiri wa kazi kuwa hali inayotokana na kazi, yenye dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kushuka kwa ufanisi. Dukani dalili hizo zina sura yake. Unamfokea mteja wa miaka mingi. Unaagiza mzigo ambao bado umejaa stoo. Hesabu za jioni unaziahirisha hadi kesho, na kesho hazifanyiki.

Pima pia saa zako. Ukifungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 2 usiku kwa siku 6, umefanya kazi saa 72. Mwaka 2021 WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walionyesha kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la takriban asilimia 35 la hatari ya kiharusi, ukilinganisha na saa 35 hadi 40.

2. Pima faida kwa saa zako

Mauzo makubwa hudanganya. Tuseme bidhaa ya kwanza inakuletea faida ya shilingi 600,000 kwa mwezi, lakini inakula saa 60 za kufuatilia madeni na kubishana bei. Ya pili inaleta shilingi 450,000 kwa saa 15 tu. Ya kwanza inakulipa shilingi 10,000 kwa saa, ya pili 30,000. Ukitaka kuongeza mtaji, anza na ya pili. Ile ya kwanza iwekee ukomo wa mkopo kwa kila mteja, na asiyelipa deni la zamani asichukue mzigo mpya.

3. Toa duka kichwani, liweke daftarini

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari pia humpumzisha mwenye mali. Andika bei ya jumla ya kila bidhaa, kiwango cha chini kabisa unachokubali mteja akiomba punguzo, na idadi ya katoni ambayo ikifikiwa mzigo mpya uagizwe. Andika majina ya wadaiwa na tarehe zao za kulipa. Jambo ambalo wewe peke yako unalijua litakuita dukani hata ukiwa msibani.

4. Gawa kazi pamoja na ulinzi wake

Wengi hukataa kuachia duka kwa hofu ya kuibiwa. Hofu hiyo ni halali, na dawa yake ni utaratibu.

- Anayepokea pesa asiwe ndiye anayetoa mzigo stoo.
- Malipo ya simu yaingie kwenye lipa namba ya biashara, kamwe yasiingie kwenye namba binafsi ya mtu.
- Kila jioni ripoti ya siku ya mashine ya risiti za kielektroniki (EFD) ilinganishwe na pesa taslimu, malipo ya simu na mauzo ya mkopo.
- Stoo ihesabiwe kila wiki, siku isiyotangazwa.

Anza na madaraka madogo. Msaidizi apewe kwanza ruhusa ya kupunguza bei hadi kiwango kilichoandikwa. Akiimudu kwa mwezi mmoja, mwachie na kuagiza mzigo wa kawaida.

5. Jiwekee sheria unayomwekea msaidizi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania inampa mwajiriwa ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Wewe mwenye duka huna mwajiri wa kukupa haki hizo, hivyo jiwekee mwenyewe. Ukitaka kuuza usiku, ajiri zamu ya pili. Usiwe wewe zamu zote mbili.

6. Fanya jaribio la siku moja

Wiki ijayo chagua siku isiyo na msongamano, kabidhi funguo, na usiende dukani. Simu yako iache wazi, ila mpigaji akishajibiwa, andika alichouliza. Jioni utakuwa na orodha: bei ya bidhaa fulani, ufunguo wa stoo, deni la mteja fulani. Kila simu kwenye orodha hiyo ni kazi ambayo bado haijapata mwenyewe wala haijaandikwa popote. Zishughulikie moja moja, kisha rudia jaribio mwezi unaofuata. Siku simu itakaponyamaza na hesabu za jioni zikatimia, ongeza tawi.