Bibi na Uzazi wa Hospitali

Maandalizi ya kujifungulia hospitali huanza wiki nyingi kabla ya uchungu, na hapo ndipo bibi mtarajiwa anapohitajika zaidi. Msomaji wa Tanga, ambaye watoto wake wote walizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga wa jadi, anauliza atamfaa vipi binti yake mwenye mimba ya kwanza ya miezi minane, maana anaona hospitali haimwachii nafasi. Nafasi anayo, tena kubwa.

Begi ni jambo jepesi: kadi ya kliniki, kanga safi kadhaa, pedi, beseni, nguo na kofia ya mtoto. Vituo vingine huagiza pia glovu na mpira wa kutandika, hivyo orodha iulizwe kliniki mapema. Kazi iko kwenye yasiyoingia begini: gari la usiku, fedha ya akiba, ndugu walio tayari kuchangia damu, na mtu wa kuamua iwapo mume yuko safarini. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi Tanzania, na kunaweza kuua ndani ya saa chache. Usafiri wa dharura wa m-mama huombwa bure kwa namba 115.

Damu ikionekana, chupa ikipasuka, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au mtoto akipunguza kucheza tumboni, safari ni saa hiyo hiyo. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zisiguswe kabisa: zinaweza kupasua mji wa mimba.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito awe leba na msindikizaji anayemtaka mwenyewe. Si kila wodi inaruhusu, na binti huenda akamchagua mumewe au mama mkwe. Uamuzi huo ni wake, na mama mzazi hana sababu ya kuuonea uchungu.

Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza. Maziwa yale mazito ya njano, ambayo wengine huyakamua na kuyamwaga, ndiyo kinga yake ya mwanzo. Maji na sukari havina kazi kabla ya miezi sita kutimia, na asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka. Kuogeshwa kusubiri saa 24. Kitovu kisipakwe majivu wala mafuta.

Mila nyingi za uzazi ni njema: uji wa pilipili manga, mchuzi wa kuku, mzazi kupumzishwa kazi. Lakini kumkanda kwa maji ya moto huweza kumuunguza, na aliyefanyiwa upasuaji hakumfai hata kidogo. Arobaini nayo isimfungie ndani, kwa kuwa mahudhurio ya kliniki ya siku ya 7 na ya 28 huangukia humo humo, na la siku ya 42 hufuata mara tu inapokwisha. Bibi ndiye mwenye sauti ya kuwatoa mama na mtoto nyumbani siku hizo, na siku yoyote mzazi atakapopata homa au mtoto atakapokataa kunyonya.