Sufuri Nayo ni Amana: Somo la Ramani ya Mbung'o



Katika Suratul-Hajj, aya ya 73, Mwenyezi Mungu anapiga mfano wa nzi: wote wanaoabudiwa badala Yake hawawezi kumuumba, hata wakikusanyika. Leo tumwangalie nzi mmoja wa kwetu, mbung'o.

Hapa West Nile, mbung'o aina ya Glossina fuscipes huishi kwenye vichaka vya kingo za mito, na hueneza malale. Tangu 2011, vitambaa vidogo vya buluu vyenye wavu mweusi na dawa ya kuua wadudu vilisimikwa kando ya mito ya Arua na Maracha. Mbung'o walipungua kwa zaidi ya asilimia 90, na kazi ikapanuliwa hadi Koboko na kwingineko. Lakini vitambaa haviwezi kuwekwa kila mahali. Ndiyo maana ramani inahitajika.

Ramani hiyo hutengenezwa hivi:

1. Mitego huwekwa, mahali pake huandikwa kwa GPS, na nzi huhesabiwa.
2. Picha za setilaiti kama Landsat, zinazopatikana bure, huonyesha mimea kwa vipande vya mita 30 kwa 30, pamoja na joto la ardhi.
3. Kompyuta hulinganisha hesabu na picha, kisha hukadiria mahali ambapo hapakuwekwa mtego.
4. Baadhi ya mitego huachwa nje ya hesabu ili kuupima ukadiriaji huo.

Zingatia: setilaiti haimwoni nzi. Inaona makazi yake tu. Kompyuta haijui ghaibu. Inakisia kutokana na tulichoandika sisi.

Basi mtego uliokaguliwa ukakutwa mtupu, andika sufuri. Mtego usiofikiwa kwa sababu ya mvua, andika kuwa haukufikiwa, usiandike sufuri. Suratul-Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, na inakumbusha kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale ya aina ya West Nile si tena tatizo la afya ya jamii nchini Uganda. Mbung'o bado wapo, na Koboko inapakana na Kongo na Sudan Kusini. Sufuri moja ya uongo yaweza kuuacha bila kitambaa mto ambao mama zetu huchota maji.

Maswali ya halaka:
1. Mitego ikiwekwa karibu na barabara tu, ramani itakosea wapi?
2. Je, takwimu za utafiti wako ungezitolea ushahidi mbele ya Mola wako?

Wabillahi tawfiiq.