Somo kwa Wazazi: Mtoto Kiziwi na Lugha ya Nyumbani

Somo letu ni kwa nyumba zenye mtoto asiyesikia. Wengi wetu hupitisha miaka tukitafuta dawa, huku tukisema, "Akifika shule atafundishwa." Hospitali yafaa, na twende mapema. Lakini lugha isingoje siku ya kuvaa sare. Miaka ya kwanza ndiyo mtoto anaposhika lugha kwa wepesi. Akiingia darasa la kwanza hana lugha yoyote, maneno ya ubaoni hayana pa kukaa.

Shule zipo. Ile ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, na hapa kwetu ya Buguruni mwaka 1974. Zamani shule nyingi za viziwi duniani zilitaka mtoto asome midomo tu, mikono itulie. Simameni mbele ya kioo, mseme bila sauti: baba, mama, papa. Midomo ni ile ile! Mtoto atajuaje kama ametajiwa mzazi au kitoweo?

Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili yenye mpangilio wake, si Kiswahili kilichotiwa mikononi. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilitoa kamusi yake mwaka 1993. Imetupasa kujifunza kwa viziwi wenyewe, na nyumba nzima ijifunze, maana ni uchungu mtoto kula na watu wanaocheka asijue wanachekea nini. Na lile neno "bubu" tuliache.

Katika Luka sura ya 1, jamaa walimwashiria Zakaria kwa mikono, naye akaomba kibao akaandika jina la mwanawe. Mikono na maandishi vilikwenda pamoja.

Kusoma ndiko kwenye kazi kubwa. Chukueni neno "hatutakununulia". Anayesikia amelisikia mara nyingi kabla ya kuliona. Kiziwi anaona mstari mrefu wa herufi. Liandikeni kwenye karatasi, mlikate kwa mkasi: ha-tu-ta-ku-nunulia. Kisha kila kipande kielezwe kwa alama: kukataa, sisi, baadaye, wewe, kununua. Mchanganye vipande, ayapange tena mwenyewe. Neno moja kwa jioni latosha. Umeme ukikatika, taa ikae mbele ya anayezungumza, isiwe mgongoni kwake, kwa kuwa gizani mtoto huyu hana wa kuzungumza naye.

Twajua nyumba zetu za Kariakoo na Ilala: vyumba vichache, watu wengi, baba yuko dukani mpaka usiku. Basi mwende naye sokoni. Maandishi yamejaa kwenye magunia, maboksi, vibao vya bei na ubavuni mwa daladala. Aguse nyanya, aonyeshwe alama yake, aitaje herufi kwa herufi kwa vidole, kisha aliandike neno lenyewe. Muuzaji akikueleza bei wewe na kumwacha mtoto, mwombe aiandike, mtoto asome na kulipa.

Mkirudi, aandike mlichonunua. Akiandika "nyanya nunua mimi", msimcheke wala msifute. Huenda ndivyo mikono yake inavyosema. Chini yake mwandikieni "Nimenunua nyanya", azisome zote mbili na kuzieleza kwa alama kwa wadogo zake.