Mto Rufiji na watu wake: je, unajua kusoma sensa?

Unadhani jiografia ni kukariri majina ya mito tu ili ufaulu mtihani? Subiri kwanza. Fungua ramani ya Tanzania, tafuta Mkoa wa Pwani, kisha shuka kusini mpaka Rufiji.

MTO
Rufiji ndio mto mkubwa kuliko yote nchini. Unaanzia pale Kilombero na Luwegu inapokutana. Mbele unapokea Ruaha Mkuu, halafu unapita bonde tambarare hadi Bahari ya Hindi, mkabala na Kisiwa cha Mafia. Karibu na bahari unagawanyika matawi mengi. Hiyo ndiyo delta, yenye msitu mkubwa wa mikoko.

Masika ikizidi, mto hufurika. Maji hubomoa, lakini pia huacha tope lenye rutuba. Yakipungua, wakulima hupanda mahindi na kunde kwenye unyevu uliobaki. Kilimo hicho wenyewe hukiita mlau.

WATU
Wenyeji wengi ni Wandengereko, Warufiji na Wamatumbi. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni. Nyumba zikahama, mashamba yakabaki! Ndiyo maana msimu wa kilimo familia nyingi zimekuwa zikirudi bondeni na kukaa kwenye madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Huko shule na zahanati ziko mbali.

KAMATA KALAMU
Sensa ya 2002 ilihesabu watu 203,102 wilayani Rufiji. Ya 2012 ikahesabu 217,274. Ongezeko ni watu 14,172. Gawanya kwa 203,102, zidisha kwa 100: unapata kama asilimia 7. Muda huohuo Tanzania nzima iliongezeka kwa asilimia 30 hivi. Mbona tofauti kubwa? Idadi hubadilika kwa njia tatu tu: kuzaliwa, kufa na kuhama. Wakati mwingine kijana anayepanda basi kwenda Dar es Salaam yumo ndani ya hesabu hiyo.

Angalia pia mipaka! Baadaye wilaya iligawanywa, ikazaliwa Kibiti. Usilinganishe Rufiji ya 2012 na ya 2022 kama vile ni eneo lilelile.

AFYA YAKO
Tangu 1998, watafiti walianza kufuatilia kaya za sehemu ya Rufiji, wakiandika nani kazaliwa, nani kafa na kwa ugonjwa gani. Takwimu za namna hiyo huwasaidia viongozi kujua dawa zipelekwe wapi. Asiyehesabiwa husahaulika.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalikumbusha wengi hatari ya bondeni. Kama unaishi karibu na mto:
- Nenda na chandarua hata dunguni. Mbu hafungi shule.
- Chemsha maji ya kunywa, na tumia choo. Kipindupindu hufuata maji machafu.
- Ukiona damu kwenye mkojo, usione haya. Huenda ni kichocho, na kinatibika. Wahi zahanati.
- Usichote maji penye mamba.

JADILINI DARASANI
1. Familia ikihamia dungu, mwanafunzi afanyeje ili asiache masomo?
2. Katika kijiji chenu, nani wanahama zaidi, wavulana au wasichana? Kwa nini?
3. Zahanati ya karibu iko umbali gani? Mgonjwa hufikaje usiku?

Majibu ya swali la tatu mpelekeeni mwenyekiti wa kijiji. Hiyo nayo ni takwimu!